Imla kwa Mashine 24: Kuchagua Programu ya Kunakili Diski

Hotuba kwa walimu wa kompyuta na mafundi wa maabara za shule, Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu wenzangu, mafundi, na vijana wa mafunzo kwa vitendo mliokaa nyuma karibu na soketi za kuchajia simu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini nijibu swali moja: tutumie programu gani kunakili diski ya kompyuta moja kwenda kwenye mashine zote za maabara? Swali limekuja wakati wake. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na shule nyingi zina mashine ambazo Windows 11 inazikataa kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au kwa kuwa na prosesa ya zamani. Kwa hiyo mnapandisha zile zinazokubali, zilizokataliwa mnaziwekea Linux, na vyovyote iwavyo mnarudi kwenye kazi ileile ya kupiga mfumo mpya kwenye mashine ishirini, thelathini, arobaini. Ukipiga Windows moja moja, na Office yake, na programu za masomo, na printa, mashine moja inakula nusu siku. Arobaini zinakula likizo.

Jibu la haraka ninalo. Chumba chenye mtandao wa waya na mtu wa kudumu wa kuutunza, tumieni FOG. Wengine wote, tumieni Clonezilla. Zote mbili ni za bure. Mwenye basi la saa nne anaweza kuondoka na hilo, hajapunjwa.

Mnaobaki nitawaambia kwa nini nimeona watu wenye programu sahihi kabisa wakipoteza siku tatu. Mmoja wao ni mimi.

Mwaka 2012 nilikabidhiwa chumba cha kompyuta 24. Nilikaa siku tatu nikiiandaa ile moja tunayoiita kompyuta mama: Windows 7 safi, programu zote, lugha, printa, hata picha ya nembo kwenye skrini. Siku ya nne nikafungua kasha, nikachomoa diski ya mashine ya pili, nikaichomeka ndani ya ile mama ili ninakili diski kwa diski. Diski mbili za kampuni moja, ukubwa mmoja, hata stika zilifanana. Clonezilla ikazionyesha kwa majina yake ya Linux, sda na sdb, ikaniuliza ipi chanzo na ipi pa kupokelea. Nikachagua. Ikaniuliza una uhakika? Nikaandika y. Ikaniuliza tena, kwa maandishi ya rangi, kwamba kila kitu kwenye diski ile kitafutika, una uhakika kweli? Nikaandika y tena, huku nikimjibu mtu simu.

Baada ya dakika arobaini nikawasha. Ikaja Windows XP ya zamani, na virusi wake, na picha ya harusi ya mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimechukua uozo nikaumwaga juu ya kazi ya siku tatu.

Simlaumu mtengenezaji, aliniuliza mara mbili. Ila tangu siku hiyo nina sharti la kwanza la kuchagua programu, na silegezi: lazima iweze kuhifadhi imeji. Maana yake diski ya kompyuta mama haiendi moja kwa moja kwenye diski nyingine. Inasomwa, inabanwa, inawekwa kama mafaili kwenye diski ya nje au kwenye seva. Ukishakuwa na imeji mahali pa tatu, unaweza kukosea kadiri utakavyo. Kompyuta mama haiguswi tena. Diski kwa diski ni kazi ya mtu anayehamisha laptopu yake moja kwenda kwenye SSD mpya. Mashine zikizidi mbili, imeji. Na kabla ya kuandika y, soma namba ya kiwanda ya diski, ile inayoandikwa pia kwenye stika. Jina sda linaweza kubadilika ukichomeka kitu kingine. Namba ya kiwanda haibadiliki.

Sharti la pili ni programu kujua tofauti ya sehemu ya diski iliyotumika na iliyo tupu. Hapa kuna hesabu. Diski ya GB 500 yenye mfumo wa GB 30, ukiinakili yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kama ifanyavyo amri ya dd, kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde, utakaa saa moja na dakika ishirini na tatu. Ukinakili zile GB 30 tu, ni dakika tano. Clonezilla na FOG zote zinatumia ndani yake chombo kiitwacho Partclone, ambacho kinasoma ramani ya mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga mafaili yake, iwe NTFS ya Windows au ext4 ya Linux, na kuchukua vipande vilivyo na kitu tu. Kikikutana na mfumo wa faili kisioujua, kinanyoosha mikono, na Clonezilla inarudi kwenye dd. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia nikifika kwenye BitLocker, kufuli la diski la Windows.

Kuna wazee hapa nawaona wanatabasamu, wanaikumbuka Ghost. Wengi wetu tulijifunzia kazi hii kwenye CD ya Ghost iliyochomwa na rafiki wa rafiki. Ghost ilitoka Auckland, New Zealand, katikati ya miaka ya 1990, kwenye kampuni iitwayo Binary Research. Mwaka 1998 Symantec wakainunua, ikawa Norton Ghost. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya kifundi, ingawa mimi siku zote nimeamini walipata kwanza neno la mzimu ndipo wakatafuta maneno ya kulijaza. Ilikuwa programu nzuri. Mwaka 2013 Norton Ghost ikaachwa. Hadi leo kuna mafundi wenye diski zilizojaa mafaili ya .gho, na kila mwaka inakuwa kazi zaidi kupata cha kuyafungulia kwenye mashine mpya. Macrium Reflect nayo ilikuwa na toleo la bure lililopendwa sana. Huduma zake zikafika mwisho mwanzoni mwa 2024. Waliolitegemea wakatakiwa kulipa au kuhama.

Siwasimulii haya kwa kuchukia programu za kulipia. Ninachowaambia ni kwamba imeji hukaa muda mrefu kuliko uamuzi wa mwenye programu. Clonezilla inatengenezwa na kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan, kiitwacho NCHC kwa kifupi, na msimbo wake uko wazi. Imeji yake ni folda ya kawaida yenye mafaili ambayo majina yake unaweza kuyasoma kwa macho. Kuna programu nyingine, Rescuezilla, yenye madirisha na vitufe vya kubofya, na inazifungua imeji zilezile. Anayeogopa skrini ya bluu ya Clonezilla aanzie huko. Hakuna aibu.

Sasa nifike kwenye mtandao, maana hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

Walimu, mnaijua imla. Mwalimu anasimama mbele, anasoma sentensi mara moja, darasa zima linaandika. Sasa fikirini mwalimu anayezunguka dawati kwa dawati, anamsomea kila mwanafunzi insha nzima peke yake. Darasa la watoto 24 litakwisha lini? Programu nyingi za kunakili zinafanya hiki cha pili. Seva inaituma imeji kwa mashine ya kwanza, inaituma tena kwa ya pili, na hata zikianza zote kwa pamoja, waya wa seva ni uleule mmoja na zinaugawana.

Tuchukue imeji iliyobanwa ya GB 15. Swichi, yaani kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, ikiwa ya zamani ya megabiti 100 inapitisha, kwa nadharia, MB 12.5 kwa sekunde. Mashine moja itachukua dakika 20. Mashine 24, kila moja na nakala yake, ni saa nane. Kwa imla, yaani maltikasti, ni dakika zilezile 20 kwa wote, maana data inapita kwenye waya wa seva mara moja tu. Kwenye tovuti ya Clonezilla wameandika mfano wao wenyewe: imeji ya GB 5.6 kwenda kwenye kompyuta 41 kwa wakati mmoja, takriban dakika kumi.

Sasa nunua swichi ya gigabiti. GB 15 zinapita kwa dakika mbili, na mashine 24 kwa njia ya dawati kwa dawati ni kama dakika 48. Yaani swichi mpya imekuondolea nusu ya sababu ya kuhangaika na maltikasti. Na ukiwa na maltikasti juu ya gigabiti bado hutaona dakika mbili, kwa sababu imeji ikifumuliwa ni GB 30 na diski za zamani za kuzunguka zinaandika kama MB 100 kwa sekunde; utarudi kwenye dakika tano. Ndiyo maana mtu akiniuliza programu gani, mimi namuuliza swichi yako ni ya ngapi na waya wako aliubana nani.

Maltikasti ina tabia moja mbaya ambayo mwalimu yeyote wa imla anaijua: mwandishi mmoja mzito analisimamisha darasa zima. Mashine moja yenye waya uliobanwa vibaya, ikaangukia megabiti 100 au hata 10 wakati wenzake wako kwenye gigabiti, inawavuta wote. Nimewahi kukaa na chumba kinachokwenda asilimia moja kwa dakika kumi. Tulihangaika na seva, tukabadilisha mipangilio, tukailaani programu. Kosa lilikuwa mashine ya namba kumi na saba, waya uliotafunwa na panya. Siku hizi kabla ya kuanza natazama taa za swichi zote; ile yenye rangi tofauti na wenzake naitoa kwenye darasa, naifanyia peke yake jioni. Na msijaribu imla kwa Wi-Fi. Sitaeleza zaidi, msijaribu.

Naona mkono pale mbele. Dada anasema shule yao haina mtandao wa waya kabisa, wana kompyuta 20 na soketi za umeme tu. Ahsante, swali hilo ni la nusu ya chumba hiki na wengine mnaona haya kuliuliza.

Dada, tumia flashi. Chukua diski nne za nje, au flashi nne zenye nafasi ya kutosha. Kila moja iwe na Clonezilla ya kuwashia mashine na imeji ndani yake. Unawasha mashine nne, unarejesha, unahamia nne nyingine. Hata kwenye tundu la USB la zamani, 2.0, ukipata MB 30 kwa sekunde, GB 15 zinasomwa kwa dakika nane hadi tisa. Weka robo saa kwa kila awamu pamoja na kuwasha na kuandika y kwa utulivu. Mashine 20 ni awamu tano: saa moja na robo. Kuna watu wenye seva nzuri ambao hawajawahi kumaliza chumba kwa saa moja na robo, kwa sababu asubuhi yote walikuwa wanaisanidi seva. Mwaka wa kwanza fanya hivyo. Mwaka wa pili omba swichi.

Nirudi kwa wenye waya. Clonezilla ina uwezo wa kugeuza mashine yoyote kuwa seva ya muda: unaiwasha kwa flashi, unachagua kuwa seva, mashine nyingine zinawaka kwa mtandao, yaani PXE, na imla inaanza. Ukizima, hakuna kilichobaki. Naipenda kwa hilo. Fundi anakuja Jumamosi, anafanya, anaondoka, na shule haibaki na mtambo wa kutunza.

FOG ni mnyama mwingine. Ilianzishwa mwaka 2007, inakaa kwenye seva ya Linux muda wote, na unaiendesha kwa kivinjari. Kila mashine inasajiliwa kwa anwani ya kadi yake ya mtandao. Unaipa jina, unaiweka kwenye kundi, na siku mwanafunzi akiiharibu unabofya tu na inarejeshwa usiku ukiwa umelala, tena FOG inaweza kuiamsha yenyewe kwa mtandao. Inaweza kuipa jina lake baada ya kunakili, kuiingiza kwenye domeni, yaani kundi la mashine zinazosimamiwa na seva moja, kusambaza programu ndogondogo. Ina uwezo mwingine muhimu sana kwetu: inajua kubana na kutanua sehemu ya diski, kwa hiyo imeji ya diski kubwa yaweza kushuka kwenye diski ndogo, mradi data yenyewe inaenea. Clonezilla kwa kawaida inataka diski ya kupokea iwe sawa au kubwa kuliko ya chanzo. Hata GB 500 ya kampuni moja na GB 500 ya kampuni nyingine zinaweza kupishana kidogo, na huo upungufu kidogo unatosha kukukwamisha. Dawa yake: kompyuta mama ipewe diski ndogo kuliko zote chumbani, au uibane sehemu yake mapema.

Mbona basi nisiseme FOG kwa wote? Kwa sababu seva isiyo na mtunzaji ni kaburi la imeji. Na kwa sababu ya DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani za mtandao.

Hili nitalieleza taratibu maana limewahi kunitoa jasho. Ili mashine iwake kwa mtandao lazima kuwe na mtu wa kuigawia anwani na kuielekeza mafaili yalipo. Shule tayari ina ruta inayogawa anwani. Nilipofunga seva yangu ya kwanza nikakubali kila kilichoulizwa, ikiwemo kuifanya mgawaji wa anwani. Maabara ilikuwa kwenye waya mmoja na ofisi. Ndani ya saa moja, mhasibu hana intaneti, mkuu wa shule hana intaneti, printa ya mitihani haionekani, na mimi nimekaa maabara nafurahia asilimia zinavyopanda. Wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja ni makondakta wawili kwenye daladala moja. Ama uitenge maabara kwenye swichi yake isiyounganishwa na kwingine siku ya kazi, ama utumie njia ya mgawaji msaidizi, ambayo FOG inaifanya kwa programu iitwayo dnsmasq: ruta inaendelea kugawa anwani, na seva yako inatoa maelekezo ya kuwashia tu.

Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, nadhani walikuwa wametembelea maabara ya shule. Mashine zinakuja kwa msaada, zinakuja kwa zabuni, nyingine zinanunuliwa Kariakoo zikiwa zimetumika. Kwa nje zote nyeusi, zote za kampuni moja. Ndani, programu ya kuwashia mashine ni tofauti: nyingine zinawaka kwa BIOS ya zamani na nyingine kwa UEFI. Imeji iliyochukuliwa kwenye moja haitawaka kwenye nyingine, kwa sababu hata mpangilio wa diski ni tofauti: MBR kwa wazee, GPT kwa vijana. Hakuna programu itakayokuokoa hapo. Zunguka chumba na daftari, andika kila mashine inawakaje, ipe kila jamii imeji yake. Zikiwezekana ziwe mbili, zisizidi tatu.

Kenge mwingine ni ile mashine ambayo Clonezilla au FOG inakwambia haina diski kabisa, wakati Windows inawaka vizuri. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS uangalie kidhibiti cha diski. Mara nyingi utakuta kimewekwa kwenye hali ya RAID ya Intel. Ukikibadilisha kuwa AHCI, Linux inaiona. Lakini ukibadilisha ghafla, Windows iliyomo inaweza kugoma kuwaka, kwa hiyo badilisha kabla ya kuandaa kompyuta mama. Na Secure Boot, ile kinga inayokataa mashine kuwaka kwa programu isiyotambuliwa: Clonezilla za sasa zinaweza kuwaka nayo ikiwa imewashwa, FOG mara nyingi itakulazimu kuizima.

Tufike kwa kompyuta mama yenyewe, upande wa Windows.

Niliahidi BitLocker. Windows 11 za karibuni, hasa toleo la 24H2, zinaweza kuifunga diski kwa usimbaji zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kukupigia tarumbeta. Partclone ikifika hapo haioni NTFS, inaona uji. Inarudi kwenye dd, na imeji yako ya GB 15 inakuwa na ukubwa wa diski nzima, maana data iliyosimbwa haibaniki. Ukiona imeji inachukua saa nne badala ya dakika kumi, usilaumu flashi. Nenda kazime BitLocker, subiri imalize kufungua diski, ndipo uanze upya.

Ya pili ni kuzima kwa uongo. Windows ina kitu kinaitwa kuwaka haraka; ukibofya kuzima, haizimi sawasawa, inasinzia. Partclone inakuta NTFS imeachwa wazi, inagoma, na inafanya vizuri kugoma. Ondoa usinziaji kwa amri powercfg /h off, kisha zima.

Ya tatu ni Sysprep, na hapa nitakaa kidogo maana pana ubishi wa miaka mingi. Kila Windows inapopigwa inajitengenezea namba ya utambulisho, SID. Ukinakili bila kuiandaa, mashine zote 24 zinakuwa na namba moja, kama watu 24 mtaani wenye namba moja ya NIDA. Sysprep, ambayo imo ndani ya Windows yenyewe, inaifuta namba hiyo ili kila nakala ijitengenezee yake ikiwaka mara ya kwanza. Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft, mtu anayejua undani wa Windows kuliko wengi wetu, aliandika kwamba hofu ya SID za mashine kufanana haikuwa na msingi, akakistaafisha chombo chake mwenyewe cha kuzibadilisha, NewSID. Microsoft iliendelea kusema hairuhusu kunakili bila Sysprep, lakini mafundi tulisikia sehemu tuliyoipenda. Miaka mingi tukaruka Sysprep, na kweli mambo yakaenda.

Yakaenda hadi 2025. Masasisho yaliyotoka mwishoni mwa Agosti mwaka huo kwa Windows 11 za 24H2 na 25H2, na Windows Server 2025, yalianza kukagua SID, na mashine zenye namba zinazofanana zikaanza kukataana: folda za pamoja hazifunguki, neno la siri sahihi linakataliwa. Nimepigiwa simu na watu waliobadilisha swichi, waliobadilisha nyaya, waliobadilisha hata neno la siri la kila mwanafunzi. Dawa iliyotolewa ni kuzipiga upya mashine hizo kwa njia inayokubalika, yaani kwa Sysprep. Deni la miaka kumi na tano limedaiwa siku moja.

Sysprep nayo ina maudhi yake. Ukiwa umefungua akaunti, ukapakua programu kutoka duka la Microsoft kwa akaunti hiyo, mwishoni itakataa kwa ujumbe usioeleweka. Njia nzuri: Windows ikifika kwenye skrini ya kwanza ya makaribisho, kabla hujaunda mtumiaji yeyote, bonyeza Ctrl, Shift na F3 kwa pamoja. Inaingia kwenye hali ya ukaguzi. Pakia programu zako humo, kisha endesha Sysprep kwa generalize, oobe, shutdown. Mashine ikizima, usiiwashe tena. Chukua imeji ikiwa hivyohivyo.

Wa Linux hamjasalimika, ingawa kwenu ni kazi ya dakika mbili. Futa yaliyomo kwenye faili la /etc/machine-id na funguo za SSH za mashine, zile za kuingilia kwa mbali, kabla ya kuchukua imeji. Msipofanya, mnaweza kukuta mashine mbili zinagombania anwani moja, mkadhani ruta imerogwa.

Leseni nitaigusa kwa sentensi mbili. Windows iliyokuja na mashine dukani haikupi haki ya kuinakili imeji yake kwenye mashine nyingine. Microsoft wana utaratibu wa kuruhusu kutumia imeji moja ikiwa shule ina walau leseni moja ya jumla ya toleo hilo, na kila mashine ina leseni yake halali. Mkuu wa shule aambiwe hilo kabla ya kazi, asiambiwe na mkaguzi.

Halafu usafi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimeona imeji iliyochukuliwa kwenye kompyuta iliyotumika ofisini wiki mbili "kuijaribu", ikanakiliwa kwenye mashine 30 za wanafunzi ikiwa na kivinjari kilichohifadhi maneno ya siri ya barua pepe ya ofisi. Watoto waliligundua siku ya kwanza, kabla ya mwalimu. Kompyuta mama haitumiwi na mtu. Haiingii kwenye akaunti ya mtu. Programu ya kuzuia virusi inayosimamiwa kutoka seva usiipakie kwenye imeji. Isakinishe baadaye, maana nayo inajipa namba ya utambulisho.

Kuhusu programu za kulipia, kama Acronis Snap Deploy: ni nzuri, zina msaada wa simu, na hulipiwa kwa kila mashine. Kama benki ingeniuliza, ningejibu tofauti. Kwa shule, hela hiyo mimi ningenunua swichi ya gigabiti na UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Mzee wangu kule nyuma anauliza umeme ukikatika katikati. Wakati wa kurejesha, mashine zilizokatika zinarudiwa tu, hakuna kilichopotea isipokuwa muda. Wakati wa kuchukua imeji, hiyo imeji itupe, usijaribu kuitibu. Ndiyo maana UPS naiweka kwenye kompyuta mama, seva na swichi, na wengine wote wajitegemee. Na Clonezilla ikimaliza kuhifadhi inakupa nafasi ya kuikagua imeji kama inarejesheka. Kubali. Ni dakika chache, na ndizo ningezitaka mwaka 2012.

Nimebakiwa na dakika sita, nami sipendi kuongea juu ya kitu kilichopo mezani. Hapa kuna mashine tano na swichi ya bandari nane. Nne zinafanana, ya tano nimeipa waya mbovu kwa makusudi, na sisemi ni ipi. Kijana uliyechomeka chaja hapo ukutani, samahani, naihitaji soketi hiyo. Wengine sogeeni mbele, mtazame taa za swichi, mniambie mwandishi mzito ni nani kabla sijaanza imla.